Virusi vya Saratani ya Kuku na Vinasaba vya Mwenyeji Wake: Kwa Nini Kinga Huanza kwa Kuku Wazazi

Mfugaji wa kuku wa mayai hutumia fedha kwa miezi minne hadi mitano kabla ya kuokota yai la kwanza. Katika Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga, wachimbaji wa dhahabu, wafanyabiashara wa mchele na wasafiri wa barabara ya kuelekea Rwanda na Burundi wameyafanya mayai na nyama ya kuku kuwa bidhaa yenye soko. Fedha za kununulia vifaranga huweza kuwa akiba ya familia, mchango wa kikundi au mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambao hutengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tangu shughuli za uchimbaji katika mgodi wa Buzwagi zilipofikia ukomo mwaka 2021, ufugaji wa kuku ni miongoni mwa shughuli ambazo mwananchi anaweza kuzianza kwa mtaji mdogo.

Ni katika miezi hiyohiyo ya kutumia bila kuingiza ndipo magonjwa ya uvimbe hujitokeza. Kuku aliyelishwa vizuri na kuchanjwa dhidi ya kideri huanza kukonda, upanga wake wa kichwani hupauka, na anapopasuliwa baada ya kufa, ini na bandama huonekana vimevimba na kujaa madoa meupe. Mfugaji hujiuliza ni dawa gani aliyokosea kumpa. Jibu la sayansi ni kwamba hakuna dawa aliyoikosea, kwa kuwa hakuna dawa inayotibu magonjwa hayo. Sababu yake imo katika uhusiano wa muda mrefu kati ya virusi vinavyosababisha uvimbe na vinasaba vya kuku wenyewe. Kuuelewa uhusiano huo kunamsaidia mfugaji kujua ni wapi kinga yake inapoanzia.

Magonjwa mawili yanayofanana kwa nje

Magonjwa makuu ya uvimbe wa kuku yanayotokana na virusi ni mawili. La kwanza ni mahepe, ambalo kitaalamu hujulikana kama ugonjwa wa Marek, kwa jina la daktari wa mifugo wa Hungaria, József Marek, aliyeueleza mwaka 1907. Kuku mwenye mahepe huweza kupooza, akalala mguu mmoja ukiwa umenyooka mbele na mwingine nyuma, au mboni ya jicho ikageuka rangi kuwa ya kijivu. La pili ni lukosisi, ambayo ni saratani ya damu ya kuku. Hii kwa kawaida huwapata kuku waliokwisha kupita umri wa wiki 14, na huanzia katika tezi iliyo karibu na tundu la haja, kisha husambaa hadi kwenye ini, bandama na figo.

Kwa macho, uvimbe wa ini wa magonjwa haya mawili huweza kufanana kiasi kwamba hata mtaalamu huhitaji vipimo vya maabara ili kuyatofautisha. Hata hivyo, virusi vyake havina undugu. Kirusi cha mahepe ni wa jamii ya hepesi, na vinasaba vyake ni vya aina ya DNA kama vya kuku. Kirusi cha lukosisi ni retrovirusi, na vinasaba vyake ni vya aina ya RNA. Kimoja huenea kwa vumbi la manyoya na hakipiti ndani ya yai. Kingine hupita ndani ya yai, na baadhi ya jamaa zake wamekuwa sehemu ya urithi wa kuku kwa vizazi visivyohesabika.

Kirusi kinavyojiandika katika vinasaba

Kwamba saratani ya kuku huweza kuambukizwa kulijulikana mapema. Mwaka 1908, huko Copenhagen, Vilhelm Ellermann na Oluf Bang waliambukiza kuku saratani ya damu kwa kutumia majimaji yaliyochujwa hadi yakawa hayana seli wala bakteria. Miaka mitatu baadaye, Peyton Rous wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York alitoa taarifa ya matokeo kama hayo kwa uvimbe wa nyama uliotoka kwa kuku mmoja wa aina ya Plymouth Rock. Wengi hawakuipa uzito kazi hiyo. Rous alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1966, zaidi ya nusu karne baadaye.

Fumbo lililobaki lilikuwa hili: kirusi chenye RNA kinawezaje kuibadili seli ya kuku moja kwa moja, na badiliko hilo likarithiwa na kila seli inayozaliwa kutokana nayo? Mwaka 1964, Howard Temin alipendekeza kwamba kirusi hicho hunakili RNA yake kuwa DNA, kisha nakala hiyo hupachikwa ndani ya kromosomu za kuku. Wanasayansi wengi walimpinga, kwa kuwa iliaminika kwamba taarifa za urithi husafiri kutoka DNA kwenda RNA pekee. Mwaka 1970, Temin na Satoshi Mizutani, na kwa upande mwingine David Baltimore, walikipata kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ya kunakili kinyumenyume. Temin na Baltimore walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1975.

Ugunduzi huo uliotokana na kuku unawagusa wananchi hadi leo. Kirusi cha UKIMWI kilipotambuliwa mwaka 1983, kilibainika kuwa nacho ni retrovirusi chenye kimeng'enya cha aina hiyo. Baadhi ya dawa za ARV zinazotumika nchini, zikiwemo tenofovir na lamivudine, hufanya kazi kwa kukizuia kimeng'enya hicho. Ugunduzi huo pia unaeleza kwa nini maambukizi ya retrovirusi hayaondoki kirahisi: nakala ya kirusi inapokwisha kupachikwa katika kromosomu, seli huitunza na kuigawa kana kwamba ni mali yake.

Jeni ya saratani ilikuwa ya kuku tangu awali

Kirusi cha Rous kina jeni moja, inayoitwa src, ambayo peke yake inatosha kuigeuza seli kuwa ya saratani. Ilidhaniwa kuwa jeni hiyo ni ya kirusi. Mwaka 1976, Dominique Stehelin, Harold Varmus, Michael Bishop na Peter Vogt walionesha kwamba jeni inayofanana nayo imo katika vinasaba vya kuku mzima asiye na ugonjwa wowote, na pia katika vinasaba vya kware, bata mzinga, bata na emu. Kadiri ndege alivyokuwa mbali na kuku kiukoo, ndivyo jeni yake ilivyotofautiana zaidi na ile ya kirusi.

Maana yake ilikuwa kwamba kirusi hakikuleta jeni hiyo kwa kuku, bali kiliichukua kutoka kwake. Ndani ya seli yenye afya, jeni ya src husaidia kuongoza ukuaji kwa kipimo. Ilipochukuliwa na kirusi na kubadilika, ilipoteza kizuizi chake. Bishop na Varmus walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1989 kwa kuthibitisha kwamba mbegu ya saratani imo ndani ya jeni za kawaida za kiumbe.

Virusi vingi vya lukosisi havibebi jeni ya namna hiyo. Vyenyewe hupachika nakala yao katika kromosomu bila kuchagua mahali maalumu. Ikitokea nakala hiyo ikaangukia jirani na jeni iitwayo myc, ambayo huchochea seli kugawanyika, kirusi huiamsha jeni hiyo ifanye kazi bila kukoma. Utaratibu huu ulielezwa mwaka 1981, na ndiyo sababu lukosisi huchukua miezi: kati ya seli nyingi zilizoambukizwa, lazima ipatikane moja ambayo kirusi kimepachikwa mahali pabaya.

Jeni ya myc si ngeni katika Kanda ya Ziwa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Kampala nchini Uganda, alitoa taarifa kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto ambao sasa unajulikana kwa jina lake, na ambao huwapata pia watoto wa maeneo yanayolizunguka Ziwa Victoria. Mwaka 1982 ilibainika kuwa katika saratani hiyo jeni ya myc ya binadamu huhamishwa kutoka mahali pake na kuwekwa jirani na jeni zinazofanya kazi kwa nguvu. Kuku na mtoto hawaambukizani ugonjwa huo, lakini jeni inayoharibika ni ileile.

Virusi vya kale ndani ya kila kuku

Mara nyingine retrovirusi hupachikwa katika seli zinazotengeneza yai au mbegu ya jogoo. Hapo nakala yake hurithiwa kama inavyorithiwa rangi ya manyoya. Tangu miaka ya 1960, watafiti akiwemo Robin Weiss walibaini kuwa kuku wasio na maambukizi yoyote wana mabaki ya retrovirusi katika urithi wao. Mwaka 1979 Weiss na wenzake walitoa taarifa kwamba mabaki ya jamii ya lukosisi yamo kwa kuku wa kufugwa na kwa kuku mwekundu wa porini wa Asia, ambaye ndiye mzazi wake wa kale, lakini hayamo kwa aina nyingine za kuku wa porini walio karibu nao kiukoo. Virusi hivyo, kwa hiyo, viliingia katika ukoo huo baada ya kutengana na jamaa zake.

Binadamu naye ana mabaki ya aina hiyo: takriban asilimia 8 ya vinasaba vyake ni ya retrovirusi vya kale, na kwa sehemu kubwa vimekwisha kupoteza uwezo wa kuambukiza. Kwa kuku, baadhi ya mabaki huonekana kwa macho. Maganda ya mayai ya rangi ya buluu ya kuku wa Araucana wa Chile na kuku wa Dongxiang wa China yanatokana na retrovirusi aliyepachikwa jirani na jeni moja ya kuku. Weupe wa manyoya wa baadhi ya koo za kuku nao umetokana na kupachikwa kwa namna hiyo.

Mengine yana gharama. Jeni inayochelewesha kuota manyoya, ambayo huwawezesha wazalishaji kutenganisha mitetea na majogoo siku ya kwanza kwa kuangalia bawa, imeambatana katika koo nyingi na nakala ya kirusi wa kale iitwayo ev21. Kifaranga anayezaliwa na mama mwenye nakala hiyo huweza kukizoea kirusi hicho tangu akiwa ndani ya yai, kiasi kwamba mwili wake hupambana kwa udhaifu pale kirusi halisi cha lukosisi kinapoingia kutoka nje.

Mfano mzito zaidi ni wa kirusi cha lukosisi kundi J, kilichotambuliwa nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980 katika kuku wa nyama. Uchambuzi wa vinasaba ulionesha kwamba jeni ya ganda lake la nje, ambayo ndiyo ufunguo wa kuingilia ndani ya seli, inafanana sana na ile ya kirusi wa kale aliyelala katika urithi wa kuku. Kirusi cha nje kilikutana na masalia ya ndani, vikachanganya jeni, na kikazaliwa kirusi kipya. Katika miaka ya 1990 kirusi hicho kilisababisha hasara kwa wazalishaji wa kuku wazazi wa nyama katika nchi nyingi, na baadaye nchini China kiliingia pia kwa kuku wa mayai na kuku wa asili.

Mahepe na kuku wa asili

Kirusi cha mahepe nacho kimechukua vitu kwa mwenyeji wake. Ndani yake kuna nakala ya jeni ya kuku inayosaidia kulinda ncha za kromosomu ili seli iendelee kugawanyika, na nakala hiyo inafanana na ya kuku kwa karibu asilimia 90. Kirusi hicho pia hutumia mfuatano unaofanana na ncha hizo kujipachika katika kromosomu za kuku. Kubadilishana huku hutokea hata kati ya virusi na virusi: virusi vya ndui ya kuku vilivyochunguzwa katika nchi mbalimbali vimekutwa na retrovirusi mzima wa ndege ndani ya vinasaba vyake.

Kuku naye ana ulinzi wake wa kurithi. Kundi la jeni liitwalo B, linaloongoza utambuzi wa maadui wa mwili, lina aina nyingi. Kuku wenye aina ya B21 hustahimili mahepe kuliko wenye aina ya B19. Nchini Tanzania, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walichapisha mwaka 2008 matokeo ya uchunguzi wa kundi hilo la jeni kwa kuku wa asili aina ya Kuchi, wanaofahamika katika Kanda ya Ziwa, na kuku wa asili wa umbo la kati. Walihusisha tofauti za jeni hizo na uzito wa kuku pamoja na kiwango cha kinga ya mwili baada ya chanjo ya kideri. Tafiti za vinasaba vinavyorithiwa kutoka kwa mama zinaonesha kwamba kuku wa asili wa Tanzania wana asili zaidi ya moja, ikiwemo Asia ya Kusini-Mashariki na Bara Hindi. Wingi huo wa asili ni hazina, kwa kuwa ndimo zinamoweza kupatikana koo zenye ustahimilivu.

Mfugaji afanye nini

Kwa kuwa kirusi cha lukosisi hupita ndani ya yai, na hakuna chanjo wala tiba yake, kinga yake iko kwa kuku wazazi. Mashirika ya uzalishaji hupima mayai na kuku wazazi na kuwaondoa wanaotoa virusi, kizazi baada ya kizazi. Kuku mmoja mzazi mwenye maambukizi huweza kutoa vifaranga wanaoonekana wazima, ambao nao husambaza virusi kwa wenzao katika banda moja. Mfugaji anayenunua vifaranga kwa bei ya chini bila kujua walikototolewa, kwa hiyo, hawezi kurekebisha kasoro hiyo kwa chakula bora wala dawa.

Kwa upande wa mahepe, hali ni tofauti. Chanjo ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na ilikuwa ya kwanza duniani kuzuia saratani kwa kiumbe chochote. Hutolewa mara moja, siku ya kwanza ya maisha ya kifaranga, kabla hajaingia katika banda lenye vumbi la manyoya. Chanjo hiyo huzuia uvimbe, lakini haizuii kirusi kuingia mwilini na kuenea, na kirusi huweza kukaa miezi mingi katika vumbi. Ndiyo maana usafi wa banda huenda pamoja na chanjo.

Wafugaji wa Kahama na maeneo jirani ya Msalala, Ushetu na Geita wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kwanza, kununua vifaranga kutoka kwa wazalishaji wanaotambulika, kuuliza kuhusu afya ya kuku wazazi, na kutaka uthibitisho kwamba vifaranga wamepata chanjo ya mahepe siku ya kwanza.

Pili, kutochanganya vifaranga na kuku wakubwa, na kuondoa matandiko yote, kusafisha na kupuliza dawa ya kuua vimelea kabla ya kuingiza kundi jipya.

Tatu, kutotumia dawa za binadamu, zikiwemo antibiotiki na ARV, kwa matumaini ya kutibu uvimbe. Antibiotiki haziui virusi, na matumizi yasiyo sahihi ya dawa hujenga usugu wa vimelea na kuacha masalia ya dawa katika mayai na nyama.

Nne, kutoa taarifa kwa afisa mifugo wa kata mara kuku wanapokonda, kupooza au kufa mfululizo, ili sampuli zipelekwe katika maabara za Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ambao una vituo Mwanza na Tabora. Mzoga usitupwe ovyo wala kupewa mbwa. Ufukiwe au uchomwe.

Tano, vikundi vinavyoomba mikopo ya halmashauri kwa ajili ya ufugaji vijumuishe katika mpango wao gharama za vifaranga wenye chanjo kamili, kwa kuwa tofauti ya bei ya siku ya kwanza ni ndogo ikilinganishwa na hasara ya kundi lililokufa likikaribia kutaga.

Kuhusu afya ya walaji, hakuna ushahidi uliothibitishwa kwamba virusi hivi husababisha saratani kwa binadamu. Huko nyuma, chanjo za homa ya manjano zilizotengenezwa kwa mayai ya kuku zilikutwa na virusi vya lukosisi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1972 kuhusu waliokuwa wanajeshi wa Marekani waliopata chanjo hizo haukuona ongezeko la saratani miongoni mwao. Pamoja na hayo, nyama ya kuku mwenye uvimbe haifai kuliwa wala kuuzwa, na mkaguzi wa nyama ana wajibu wa kuiondoa sokoni.

Virusi vya uvimbe wa kuku vimeishi na mwenyeji wake kwa muda mrefu kiasi kwamba baadhi yake havitenganishiki naye tena. Mfugaji hana uwezo wa kuvifuta katika urithi wa kuku, lakini ana uwezo wa kuchagua vifaranga wa wazazi gani waingie katika banda lake. Uchaguzi huo hufanyika siku ya ununuzi, miezi minne kabla ya yai la kwanza.